RNA ndogo haziwashi jeni, zinaushika ujumbe njiani

Mkuu, umeuliza kama kweli RNA ndogo ndizo zinazowasha jeni za mnyama. Nafundisha biolojia kidato cha tano na sita hapa Dodoma, na jambo hili mimi nililielewa vizuri kupitia kondoo.

Kuwasha ni kazi ya protini zinazojishika kwenye DNA, nyingi karibu na mwanzo wa jeni. Jeni inanakiliwa, na nakala hiyo, RNA mjumbe, inatoka kwenye kiini cha seli ikatengenezewe protini. Maikro-RNA, yaani hizo RNA ndogo ulizouliza, inaingia hapo, jeni ikiwa imeshawaka. Ni uzi wa herufi 22 hivi, yaani vijenzi vinavyopangwa mfululizo kuunda RNA. Inajibandika kwenye mkia wa mjumbe, ile sehemu isiyosomwa kuwa protini, na mjumbe anavunjwa au anasomwa kidogo sana.

Sasa kondoo. Nyumbani Kongwa tunafuga, na mwanafunzi aliniuliza mbona kondoo wetu hawana mapaja kama wa Ulaya. Nikamjibu malisho. Kwa ukame wa huku si uongo, lakini jibu halikuniridhisha, nikaenda kusoma. Mnyama ana miostatini, protini inayozuia msuli usikue kupita kiasi. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kuwa kondoo wa Texel, mwenye asili ya Uholanzi, amebadilika herufi moja tu kwenye mkia wa mjumbe wa miostatini: G imekuwa A. Badiliko hilo likazipa miR-1 na miR-206, maikro-RNA mbili ambazo zimejaa kwenye msuli, mahali pa kujishika. Miostatini ikapungua, nyama ikaongezeka. Protini yenyewe haikuguswa! Siku nilipolieleza darasani, kengele ililia na hakuna aliyeinuka.

Walioanzisha haya ni Victor Ambros na Gary Ruvkun, 1993, kwa mnyoo wa milimita 1: maikro-RNA iitwayo lin-4 inamnyamazisha mjumbe wa jeni ya lin-14. Wengi walidhani ni mambo ya mnyoo tu, hadi 2000 maikro-RNA nyingine, let-7, ilipoonekana hata kwa binadamu. Ambros na Ruvkun wakapata Nobel 2024.

Nadhani mkanganyiko wako unatokea hapa: ukizuia kizuizi, kwa nje inaonekana umewasha. Kweli, mwaka huohuo wa 2006 kuna waliotengeneza RNA ndogo za kulenga mwanzo wa jeni kwenye seli za binadamu za maabara, na jeni ikafanya kazi zaidi. Ila hiyo ni njia nyingine, usiichanganye na kazi ya kila siku ya maikro-RNA mwilini.