Rimu za Kromu au za Polishi: Nimetumia Zote Mbili Nairobi

Kila Jumatatu asubuhi nilikuta tairi la nyuma, upande wa kushoto, limelegea. Nalijaza upepo kituo cha mafuta, linakaa siku nne au tano, kisha linarudia yale yale. Mara mbili fundi wa pancha pale mtaani Utawala alilipaka povu la sabuni, akatafuta msumari, asiuone. Mara ya tatu alilivua lote, akapitisha kidole ukingoni mwa rimu, pale mpira unapokalia, akakirudisha haraka. Kilikuwa kinatoka damu.

"Mkubwa, hii si pancha," aliniambia huku akinyonya kidole. "Ni kromu yako inabanduka."

Ilikuwa inabanduka kweli, vipande vyembamba kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, vikali kama wembe, na chini yake unga mweupe. Upepo ulikuwa unapitia hapo hapo, kati ya mpira na ule unga. Rimu nilikuwa nimezinunua miezi minane tu kabla ya hapo.

Nilizipata kwenye kibanda kimoja Kirinyaga Road, nne za inchi 17, za mtumba. Muuzaji alianzia elfu sitini tukashikana mkono kwa elfu arobaini na tano. Gari langu ni Mark X, kwa hiyo nilihakikisha nati ni tano na duara linalopita katikati ya nati hizo lina kipenyo cha milimita 114.3. Hayo niliyajua. Ambacho sikujiuliza ni kitu kimoja tu: siku itakapoharibika, nani ataitengeneza? Niliona uso wangu ndani yake, nikalipa.

Kile kinachong'aa kwa macho yako kwa kiasi kikubwa si kromu yenyewe. Rimu ya alumini husuguliwa, kisha hupakwa kwa umeme tabaka za madini, aghalabu shaba, halafu nikeli, na juu kabisa ndipo kromu. Nikeli ndiyo inayobeba ule mng'ao. Kromu ya juu ni nyembamba mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na kazi yake ni kuilinda nikeli isififie, pamoja na kuipa ile rangi ya kioo yenye ubluu kidogo. Hiyo kromu haishiki kutu kirahisi wala haifubai. Ndiyo maana rimu mpya ya kromu ukiiosha kwa maji na sabuni tu inarudi kuwa kioo.

Shida inaanza siku ukingo unapogonga shimo. Ufa mdogo tu, hata usiouona, maji yanaingia. Nikeli na alumini zikiwa zimegusana ndani ya maji, alumini ndiyo inayoliwa, kwa sababu ndiyo dhaifu kati ya hizo mbili. Inaliwa kwa chini, taratibu, huku juu bado kunang'aa. Ukija kuona malengelenge, ndani kumeshaoza. Na rimu nyingi za mtumba zimekwisha kutembea nchi zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Huenda yangu ilifika Mombasa bandarini ikiwa tayari ni mgonjwa.

Nilizunguka Industrial Area nusu siku nikitafuta wa kuipaka tena. Wapo wanaopaka bampa za chuma za magari ya zamani. Rimu ya alumini, wengi walitikisa kichwa. Fundi mmoja aliyekubali kunisikiliza alinieleza wazi kwamba kromu haipigwi kiraka: sharti ivuliwe yote kwa dawa, alumini ijazwe palipoliwa, isuguliwe, halafu ianze safari upya kuanzia shaba. Nilipiga hesabu nikaona ni heri ninunue nyingine.

Nikahamia polishi.

Rimu ya polishi ni alumini tupu iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Haina kitu juu. Mng'ao wake una joto zaidi, weupe wa sufuria mpya, si ule ubluu wa kioo. Mimi naupenda kuliko kromu, ingawa shemeji yangu anasema ni wa kimaskini. Kasoro yake ni kwamba alumini ikikaa hewani inajivika ukungu wake yenyewe. Mvua, vumbi la breki na matope mekundu vinauharakisha. Katika masika, Machi hadi Mei, yangu hufifia ndani ya wiki mbili. Basi unakaa chini na kitambaa. Mimi natumia Autosol, ile ya tyubu. Ikiisha nachukua Brasso ya nyumbani, ile wanayong'arishia vifungo vya sare, nayo inasaidia. Unapaka kidogo, unasugua mpaka kitambaa kiwe cheusi tititi, unafuta kwa kingine kisafi. Rimu moja ni dakika ishirini hivi. Zidisha kwa nne, na ujiulize kwa dhati kama Jumapili yako ina hiyo saa na zaidi. Kama haina, usinunue polishi, utazichukia.

Hata hizi niliziharibu mara moja, na hapo wa kulaumiwa ni mimi. Niliacha gari kwenye kibanda cha kuosha, nikaenda kunywa chai. Kijana alitaka kunifurahisha. Akachukua ile asidi wanayotolea uchafu mgumu, akapulizia rimu zikiwa bado moto kutoka barabarani. Niliporudi zilikuwa na michirizi ya kijivu kama machozi yaliyokauka, kila mstari pale dawa ilipotiririkia. Asidi inaila alumini tupu, na sabuni kali za magadi zinafanya vivyo hivyo. Tangu siku hiyo kijana yeyote anayeshika gari langu namwambia kabla sijampa ufunguo: rimu ni maji, sabuni ya vyombo na sponji, basi. Hata kwa kromu mwambie hivyo hivyo, kwa maana asidi ikiingia kwenye ufa inamaliza kazi ambayo shimo liliianza.

Lakini zilipona. Saa tatu za msasa laini na polishi, michirizi ikaisha. Kromu isingenipa nafasi hiyo.

Kuna aina ya tatu ambayo wauzaji huichanganya na polishi: alumini iliyosuguliwa halafu ikafunikwa rangi angavu, ile mafundi wanaita klia. Dukani ni tamu, haihitaji kusuguliwa. Ikishakwaruzwa ukingoni, maji yanatambaa chini ya klia na kuchora nyuzi nyeupe kama minyoo, na huwezi kuifikia kwa polishi kwa sababu klia imekuzuia. Rimu nyingi zinazokuja na magari ya Japani zina klia juu, kwa hiyo kagua kingo kabla ya kufurahi.

Sasa utajuaje ni ipi, pale kibandani, muuzaji akikuapia kwamba kila kitu ni kromu orijino? Nenda na kitambaa cheupe na polishi kidogo. Sugua sehemu ndogo ya pembeni. Kitambaa kikitoka cheusi, ni alumini tupu. Kikibaki kisafi, ni kromu au klia. Halafu geuza rimu utazame mgongoni: ya kromu kwa kawaida imechovywa yote, hata nyuma ina rangi ile ile ijapokuwa haijalainishwa, ilhali ya polishi imesuguliwa mbele tu. Zipo pia za kupulizwa rangi ya fedha ambazo zinaitwa kromu bila haya. Kitambaa chenye thina kitazivua nguo mbele ya mwenyewe, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Na ukigonga kwa shilingi kumi ukasikia mlio wa plastiki, ujue unanunua kifuniko. Kabla ya yote pitisha kidole ukingoni ambapo tairi hukaa, ila kwa upole. Nimekwambia kilichompata fundi wangu.

Baba Njeri, jirani yangu, aliniuliza mwezi uliopita achukue ipi. Nikamwuliza anapita wapi. Yeye anakaa kwenye lami mpaka getini, ofisi yake ina maegesho ya chini kwa chini, na gari analitoa mara tatu kwa wiki. Nikamwambia achukue kromu, mpya na si mtumba, aioshe kwa sabuni na kuipaka nta, ataringa nayo miaka. Anayekwenda pwani kila mwezi simwambii hivyo, hewa ya chumvi haina huruma na ufa. Wenye nganya, zile matatu zilizopambwa, nao wasitupotoshe. Kwao rimu ni tangazo la biashara, abiria wanalipia, na ikichubuka inabadilishwa. Mimi na wewe tunalipia kutoka kwenye mshahara.

Kwangu mimi, na barabara ya kuingia nyumbani ambayo mvua ikinyesha hujui shimo ni lipi na dimbwi ni lipi, polishi ndiyo inayoeleweka. Juzi nililikwaruza tena lile gurudumu la nyuma kushoto kwenye ukingo wa barabara, nikipisha bodaboda Ngong Road. Mkwaruzo wa urefu wa kidole, wa kina cha kushikika kwa ukucha. Jumamosi niliweka jeki, nikatoa gurudumu, nikaanza na msasa namba 400 uliolowa maji, nikapanda 600, 1000, 2000, kisha Autosol. Mama Kevo aliniletea chai nikiwa nimekalia debe, akainama akatazama, akaniuliza ni rimu ipi niliyokuwa ninatengeneza.