Kati ya "siwezi" na "sijaweza"

Mwalimu mwenzangu unayeripoti kituoni mwaka huu, karibu. Utakabidhiwa chaki, ratiba na vipindi vingi kuliko ulivyotarajia. Maneno ya kuchunga hakuna atakayekukabidhi. Mimi niliyajua baada ya kuharibu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilirudisha karatasi za jaribio la Hisabati kidato cha pili huku nikisema, "Darasa hili limejaa vilaza." Nilidhani nawachoma ili waamke. Kijana mmoja wa dawati la nyuma aliikunja karatasi yake mara nne akaichomeka kwenye soksi. Tangu siku hiyo daftari lake sikuliona tena mezani kwangu. Alikuwa amepata 28. D, alama ya chini kabisa ya kufaulu, inaanzia 30. Mtoto alibakiza alama mbili, mimi nikampa jina la kudumu.

Kiswahili kina kiambishi kidogo, -ja-, ambacho walimu tunakifundisha kwenye sarufi kisha tunakisahau kwenye maisha. "Sielewi" imefunga mlango. "Sijaelewa" imeurudishia tu. Muulize mtu kama ameoa, atakujibu "bado", hata kama ana miaka 60 (mjomba wangu hujibu hivyo mpaka leo, na hakuna dalili). Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, amewahi kusimulia habari ya shule moja ya Chicago ambako asiyefaulu somo aliandikiwa "bado" badala ya kuandikiwa kwamba amefeli. Nilipoisikia nilicheka peke yangu. Wenzetu imebidi waibuni alama, sisi tumezaliwa nayo ndani ya kitenzi.

Na watoto wetu wanaihitaji kweli. Hapa Tanzania mtoto wa shule ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu akifika kidato cha kwanza kila kitu ni Kiingereza. Mara nyingi kinachomkwamisha ni neno moja katika swali, hesabu yenyewe angeiweza. Sentensi ya kwanza ya Kiingereza anayoishika vizuri ni ile ya kusema hajui. Akiirudia mwaka mzima, anaanza kuiamini.

Kuna binti nilimsimamisha ubaoni atafute x katika 3(x − 2) = 12. Akaandika 3x − 2 = 12, akahangaika, akapata 14/3, akaniangalia. "Mwalimu, mimi hesabu siziwezi." Nikamwomba arudie sentensi hiyo kwa -ja-. Darasa likacheka, naye akacheka. "Sijaziweza." Haya, nikamwambia, hujaweza wapi? Hapo ndipo neno lilipofanya kazi, kwa sababu "siziwezi" haina "wapi". Alisogea nyuma, akasoma mistari yake mmoja mmoja, akaweka kidole kwenye ile 2. "Hii nayo ilitakiwa izidishwe na 3." Akafuta, akaandika 3x − 6 = 12. Sita ikatoka kabla sijafungua mdomo.

Kwa hiyo acha kuuliza "mmeelewa?" Utajibiwa "ndiyoooo" ya darasa zima, na haina maana yoyote. Uliza, "Mstari upi haujaeleweka?" Wiki mbili za kwanza watakutazama tu. Vumilia.

Sifa nazo zina hatari yake, na hili lilinishangaza zaidi. Mwaka 1998 Dweck na Claudia Mueller walichapisha utafiti wa watoto wa darasa la tano: waliosifiwa kuwa wana akili walipenda kupewa kazi zitakazowaonyesha kuwa wana akili, na walipokutana na maswali magumu walikata tamaa haraka kuliko waliosifiwa kwa bidii. Mimi nilikuwa na "kipanga" wangu, nikimwita hivyo kila siku. Akaacha kunyoosha mkono kwenye maswali ambayo hana uhakika nayo. Angewezaje? Angelipoteza jina. Siku hizi nasema, "Umeonyesha njia vizuri," basi.

Usije ukadhani maneno yanatosha. Ukimwambia mtoto "hujaweza" halafu usimpe muda wa kuweza, umemdanganya kwa upole. Darasa lina watoto 80, huwezi kukaa na kila mmoja. Mimi nimetenga Alhamisi baada ya vipindi, nusu saa, kwa yeyote aliyeandika "sijaweza" pembeni ya swali kwenye daftari lake. Wanakuja sita, wakati mwingine kumi na mbili. Mvua ikinyesha, wawili.

Yule wa soksi alihama shule kabla sijapata ujasiri wa kuongea naye. Karatasi yake sijui aliipeleka wapi, ila ile 28 naikumbuka kila ninaposhika kalamu nyekundu.