Kivimbe kisichouma kwenye titi: mawili yaliyonipata Moshi

Dada uliyeuliza, umeeleza kwamba mdogo wako wa miaka 23 ana kivimbe kisichouma katika titi la kushoto, na kwamba shangazi yenu amemtuliza kwa kumwambia kuwa kisichouma hakina neno. Mimi si daktari, ninauza mitumba soko la Memorial hapa Moshi, lakini titi limeniuguza mara mbili, na mara zote mbili maumivu ndiyo yaliyonidanganya.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 22. Nilikigusa nikiwa naoga: kitu kigumu kiasi, laini pande zote, chenye ukubwa wa gololi, ambacho kila nikikibana kilikwepa kidole. Kwa kuwa hakikuuma, nilikaa nacho miezi minne. Nilipokwenda zahanati, mhudumu aliniandikia dozi ya vidonge vya siku tano bila hata kunigusa, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi, kwa sababu kivimbe kile hakikuwa na wadudu wa kuuliwa kwa dawa.

Daktari wa upasuaji niliyemwona baadaye alinilaza chali, mkono wa kushoto ukiwa nyuma ya kichwa, akapapasa titi zima polepole kwa nyama za vidole vitatu, akaishia kwapani akitafuta mitoki. Kisha alinipeleka utrasaundi, si mamografia (picha ya eksirei ya titi), kwa maelezo kwamba titi la msichana lina nyama nzito ambazo mamografia haizipenyi vizuri. Mwisho walichukua kinyama kwa sindano iliyotoa mlio kama wa stepla, baada ya ganzi. Majibu ya maabara yalisema ni faibroadenoma, uvimbe usio kansa unaowapata zaidi wanawake wenye umri kati ya miaka 15 na 35. Hulishwa na homoni za kike, ndiyo maana huweza kukua wakati wa ujauzito na kunywea baada ya hedhi kukoma. Changu kiliachwa, nikapangiwa kurudi kupimwa baada ya miezi sita.

Mara ya pili ilikuwa wiki tano baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza, nikiwa Kibosho kwa mama mkwe, nikilishwa mtori asubuhi na jioni. Chuchu ilipasuka, ziwa likawa jekundu na la moto, usiku nikatetemeka kwa homa mpaka kitanda kikalia. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, alipasha chanuo moto akalichana ziwa kwa nguvu, akisema maziwa yameganda. Mimi nikaongeza kosa langu: niliacha kumnyonyesha mtoto upande ule. Maziwa yalituama, na ndani ya siku chache likawa jipu. Nililia nikiamini ni kansa, maana sikuwahi kuumwa namna ile. Hospitalini walivuta usaha kwa sindano mara tatu kwa siku tofauti, wakanipa antibayotiki, na wakasisitiza niendelee kunyonyesha. Walinieleza pia kwamba kulikanda ziwa kwa nguvu huzidisha uvimbe, na kwamba kitambaa cha baridi hutuliza zaidi. Neno moja la muuguzi sikulisahau: ziwa jekundu lisilopoa baada ya kumaliza dozi lirudishwe kupimwa upya, kwa kuwa ipo aina ya kansa inayofanana na maambukizi hayo.

Yapo mengine ambayo nitayapitia tu. Matiti kuuma na kuwa na vinundu siku chache kabla ya hedhi ni jambo la kawaida na hutulia yenyewe. Vifuko vya maji huwapata zaidi walio kati ya miaka 35 na 50. Wanaume nao huvimba matiti, na wachache hupata kansa, ingawa vijana wa sokoni kwetu hucheka wakisikia hivyo.

Kwa hiyo mdogo wako asipimwe kwa kipimo cha shangazi. Vivimbe vingi vya umri wake si kansa, lakini kansa ya titi nayo mara nyingi huanza bila maumivu, kwa hiyo ukimya wa kivimbe hauthibitishi lolote. Mpeleke kwa daktari atakayempapasa, ampige utrasaundi na, akiona haja, achukue kinyama. Asingoje hata wiki ikiwa kivimbe kimeshikamana na hakisogei, ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani wakati haikuwa hivyo, inatoa damu, au kuna mtoki kwapani.

Aombe pia karatasi ya utrasaundi na aitunze, kwa kuwa bila kipimo cha zamani daktari wa mwakani hatajua kama kivimbe kimekua. Zangu nimeziweka pamoja na kadi ya kliniki ya mwanangu: ya kwanza inasoma sentimita 2.1, ya mwaka jana 1.6.