Parokia imefunguliwa tena: nikibaki nyumbani natenda dhambi?

Swali: Padre, Tumsifu Yesu Kristo. Parokia yetu ilifungwa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya korona, na sasa waamini wameruhusiwa kurudi. Namuuguza mama yangu, mzee mwenye kisukari, na naogopa kumletea ugonjwa. Nisipokwenda Misa Dominika natenda dhambi? Na Misa ya kwenye televisheni inatosha?

Jibu: Milele na milele, Amina. Dada mpendwa, hutendi dhambi. Nimeanza na hilo ili usome yanayofuata moyo ukiwa umetulia.

Wajibu wa kushiriki Misa ya Dominika upo, katika kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa, na si jambo dogo. Mwaka 304 Wakristo wa Abitina, Afrika ya Kaskazini, walikamatwa kwa sababu walikusanyika kuadhimisha Ekaristi wakati kaisari amepiga marufuku. Walipohojiwa walijibu kwamba bila Dominika hawawezi kuishi. Nawakumbuka kila ninaposikia mtu akisema amezoea kukaa nyumbani. Lakini Kanisa hilohilo halimfungi mwenye sababu nzito. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2181, inataja ugonjwa na kulea watoto wachanga kama mifano tu, na kumlinda mama mgonjwa uliye naye chumba kwa chumba ni uzito wa namna hiyohiyo. Tena askofu ana mamlaka ya kuwaondolea waamini wajibu huo kwa muda. Sikiliza tangazo la jimbo lako: kama bado hajaurudisha, huna cha kuhangaikia.

Jiulize jambo moja tu, mbele ya Mungu, si mbele yangu. Je, woga huu unakuzuia pia kwenda sokoni na kwenye sherehe? Kama kote huko unakwenda, na kanisani peke yake ndiko unakoogopa, basi hapo kinachokuzuia si mama tena.

Kuhusu televisheni, hapana, haitoshi. Ni msaada mkubwa kwa asiyeweza kutoka, lakini Mwili wa Kristo hauliwi kwa macho. Mwaka 2020 Kardinali Robert Sarah, wakati huo mkuu wa idara ya Vatikano inayosimamia ibada, aliwaandikia maaskofu kuhusu kuirudia Ekaristi kwa furaha, akasisitiza kwamba hakuna matangazo yanayolingana na kushiriki mwenyewe. Kwa hiyo usiwashe Misa huku unapika. Kaa na mama, someni masomo ya Dominika, salini pamoja kama kanuni ya 1248 inavyohimiza, kisha fanyeni Komunyo ya kiroho, yaani mwombeni Yesu aje mioyoni mwenu hata msipoweza kumpokea katika Ekaristi. Na kama kuna Misa ya siku za kazi yenye watu wachache, jaribu hiyo, ukiwa na barakoa na ukikaa mbali na wengine. Haichukui nafasi ya Dominika, lakini utampokea Bwana.

Bado naona umemsahau mtu mmoja katika swali lako: mama mwenyewe. Yeye naye ana njaa ya Ekaristi. Tauni ilipoipiga Milano mwaka 1576, askofu mkuu Karoli Boromeo aliagiza altare zijengwe barabarani, ili waliofungiwa ndani waifuate Misa kutoka madirishani. Mwombe paroko amletee mama Komunyo nyumbani. Dirisha liwe wazi, mikono ioshwe, ibada iwe fupi. Usione haya kumsumbua, hiyo ndiyo kazi yake.