Walisema injini nimeiua mwenyewe

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Alinunua mashine ya betri ya kupogolea uzio wa miti, akaitumia kila wiki kwa miezi minne bila shida, sasa betri haiingizi chaji. Akiichomeka, taa ya chaja inamwekamweka nyekundu, basi. Dukani wakamjibu mambo mawili: kwamba betri ina waranti yake tofauti na ya mashine, na kwamba inaonekana aliiacha ikakaa bila chaji muda mrefu, kwa hiyo kosa ni lake. Kama haridhiki, awatafute wenye kiwanda. Akamalizia: "Kaka, hapa nina kesi au najisumbua tu?"

Dada, una kesi. Nitafika kwako. Ila niwie radhi nianze na yangu, maana hayo maneno "kosa ni lako" yananigusa mahali ambapo bado hapajapona.

Yangu ilikuwa mashine ya kufyekea, ile unayoning'iniza begani, injini ndogo ya petroli iliyochanganywa na oili. Niliidundulizia pesa muda mrefu. Siku ya 41 tangu niinunue (najua ni ya 41 kwa sababu baadaye nililazimishwa kuhesabu) nilikuwa nimebakiza kipande cha mwisho karibu na ukuta. Mashine ikaanza kulia sauti nyembamba, ya juu kuliko kawaida yake. Nikaachia kishikio cha mafuta, sauti haikushuka. Halafu ikakata. Nilipovuta kamba ya kuwashia, ikagoma kabisa, kama mtu ameishikilia kwa ndani.

Nikaipeleka dukani siku hiyohiyo, bado ya moto. Kijana wa kaunta akasema, "Iache hapo kaka, fundi ataiangalia." Nikaiacha. Sikupiga picha, sikuandikiwa karatasi ya kupokelewa, na tenki lilikuwa na mafuta nusu. Nikashukuru na kuondoka. Ndiyo, nilishukuru!

Wiki tatu za kupiga simu sitakusimulia, unazijua mwenyewe.

Siku niliyoitwa, dukani kulikuwa na wateja watano au sita. Kijana akaniambia bila hata kuniangalia usoni: "Injini imenoki. Hukuweka oili. Waranti haihusiki." Mwenzake nyuma akacheka kidogo na kusema hizi mashine zinataka mtu anayejua. Mimi! Mimi ninayepima oili kama napima dawa ya mtoto. Kijitabu cha mashine kilisema 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, na nilikuwa na kichupa cha mistari kilichonunuliwa kwa kazi hiyo tu. Lakini pale kaunta sikusema lolote la maana. Nilibabaika, nikasema "lakini mimi nachanganyaga," kama mwanafunzi aliyeshikwa. Nikatoka nje mikono mitupu, masikio yanawaka.

Usiku wa kwanza nilikasirika tu. Wa pili nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba Uingereza, kwa sheria yao ya haki za mlaji ya 2015, mnunuzi ana siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kudai pesa yake. Na ubovu ukijitokeza ndani ya miezi 6 ya mwanzo, akidai kitengenezwe au kibadilishwe, unahesabiwa ulikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Nchi za Umoja wa Ulaya zina dhamana ya kisheria isiyopungua miaka 2, na anayewajibika ni muuzaji. Marekani wana sheria ya 1975, wanayoiita Magnuson-Moss, ambayo kwa kawaida haimruhusu mtoa waranti kukulazimisha ununue vipuri au huduma ya chapa fulani ndipo waranti yako iendelee kuwa hai. Huenda hizo si sheria za kwako, katafute za kwako. Kilichonifaa mimi ni swali lililomo ndani yake: nani anatakiwa kuthibitisha? Mimi nilikuwa nimesimama pale kaunta najitetea kama mshtakiwa, na wao waliosema sikuweka oili hawakuwa wameonyesha kitu chochote.

Ndipo nikakumbuka dumu. Mafuta niliyochanganya kwa ajili ya kazi ile yalikuwa yamebaki, kama lita moja hivi, ndani ya dumu lilelile.

Kesho yake nilirudi na kichupa cha kioo chenye mafuta hayo, kichupa kingine cha petroli tupu, na karatasi nyeupe. Kabla ya yote nikamwomba kijana aniandikie sababu ya kukataa waranti: aandike "mteja hakuweka oili", jina la fundi aliyekagua, tarehe, sahihi. Ungeona jinsi kalamu ilivyokuwa nzito. Maneno aliyoyatamka mbele ya watu kwa wepesi ule, sasa yalihitaji kumwita meneja. Meneja akaja, akaniuliza kwani shida ni nini, nikamwambia hakuna shida, nataka tu mlichosema kiwe kwenye karatasi. Baada ya mivutano wakaandika. Neno kwa neno: hakuweka oili.

Tukatoka nje (petroli haichezewi ndani, tafadhali). Nikadondosha tone la petroli tupu upande mmoja wa karatasi na tone la mafuta yangu upande wa pili. Tukasubiri dakika chache. La kwanza likakauka, karatasi ikabaki karibu kama ilivyokuwa. La pili likaacha duara la ukubwa wa sarafu, lina rangi ya buluu kwa mbali, kwa sababu oili ya injini hizi mara nyingi hutiwa rangi makusudi ili mtu asichanganye madumu. Nikaliinua kwenye mwanga, likapitisha nuru kama karatasi iliyofungiwa kitumbua. Nikamwambia meneja sasa tufanye hivyo na mafuta yaliyomo kwenye tenki. Tukafanya. Duara lilelile.

Unajua alisema nini? "Basi oili ilikuwa kidogo."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya karatasi. Kama wasingekuwa wameandika, maneno yangegeuka hivyo mara kumi na mimi ningekimbizana nayo. Lakini "hakuweka" ilikuwa mfukoni mwangu, ina sahihi. Ni kweli doa halionyeshi kipimo, linaonyesha tu kwamba oili ipo. Mimi sikuhitaji zaidi ya hapo ili maelezo yao yayumbe.

Nikadai mashine ikaguliwe mbele yangu, na nikaenda na fundi wangu, mzee mmoja asiyeongea sana. Alichofanya kwanza ni kuziangalia skrubu za ekzosi bila kuzigusa. Rangi ya kiwandani ilikuwa bado imezifunika, hakuna hata alama ya bisibisi. Akamuuliza fundi wao taratibu: "Mwanangu, uliingilia wapi ukaiona pistoni?" Kimya. Wiki tatu mashine imekaa kwao, na hakuna aliyeifungua.

Akafungua ekzosi, akamulika tochi kwenye tundu. Pistoni ilikuwa imekwaruzika mistari ya kusimama upande ule wa joto. Akafungua kabureta, pale hewa na mafuta yanapochanganyika, akamulika upande wa pili: safi, unang'aa. Akasema injini iliyokosa oili kabisa kwa kawaida hukwaruzika kuzunguka, haichagui upande. Hii iliungua upande wa ekzosi tu, ina maana ilikuwa inavuta hewa nyingi na mafuta machache, ikapata joto kupita kiasi. Kisha akautoa mpira unaounganisha kabureta na silinda, akaukunja kwa vidole viwili. Ufa ukafunguka, mwembamba, mrefu kama ukucha wa kidole gumba. Hewa ilikuwa inapitia hapo. Na ile sauti nyembamba niliyoisikia karibu na ukuta ndiyo yenyewe.

Nilipewa mashine mpya baada ya siku nyingine kumi na moja. Mpya kabisa, ndani ya boksi. Meneja aliponikabidhi alisema, "Tumeamua kukusaidia." Kunisaidia! Mpaka leo nikipita mbele ya duka lile nasikia joto masikioni. Hakuna aliyesema samahani, wala yule aliyecheka.

Sasa, nisijifanye malaika. Kabla ya hapo nilishawahi kuwa mwongo mimi mwenyewe. Nilikuwa na mashine ya kusukuma ya kukatia nyasi, nikakigonga kisiki kilichojificha, ikazima kwa kishindo. Ikawa haiwaki, na ikijaribu kuwaka inapiga mshindo na kuirudisha kamba mkononi. Nikaipeleka chini ya waranti nikasema "imezima tu yenyewe." Fundi wa pale akafungua, akatoa kile kichuma kidogo kinachoishikilia fleiwili, lile gurudumu zito la injini, kwenye shafti. Kimekatika katikati. Akanieleza kwa upole kwamba ni chuma laini makusudi, kisu kikigonga kitu kigumu chenyewe ndicho hukatika, na kikikatika moto wa plagi hauji tena kwa wakati wake. Akanitazama. Nikalipa. Kwa hiyo naposema wauzaji wanatushuku, najua kwa nini wanatushuku, wapo akina mimi wa zamani. Lakini angalia tofauti: yule alifungua, akanionyesha, akaeleza. Sikuwa na la kubisha. Anayekukatalia kwa haki anakuonyesha kitu.

Na mara nyingine nilishindwa kwa upuuzi tu. Risiti ya ile karatasi inayochapwa kwa joto niliiacha ndani ya gari juani, nilipoihitaji ilikuwa nyeupe pe. Nilikuwa na haki na sikuwa na ushahidi. Piga picha risiti siku unayonunua, ndugu yangu. Piga picha kadi ya waranti ikiwa imegongwa muhuri. Piga picha namba ya mashine. Na uisome hiyo kadi, maana visu, plagi, mikanda na machujio mara nyingi havimo, na mashine ya nyumbani ukiifanyia kazi ya kulipwa waranti yake inaweza kufupishwa sana au kufutwa.

Tatizo letu kubwa wanunuzi ni adabu iliyopitiliza. Tunaona aibu kudai. Tunaona kama kuuliza "nionyeshe" ni kumtukana mtu. Muuzaji amekula pesa yako bila aibu yoyote, wewe unaona haya kuomba mstari mmoja wa maandishi? Usipige kelele, kelele zinawapa sababu ya kukutoa nje. Sema polepole, omba karatasi. Wakisema hawaandiki, rudi nyumbani uwaandikie wewe: "Leo tarehe fulani mmeniambia hivi na hivi, kama nimeelewa vibaya nisahihisheni." Wakinyamaza, ujumbe wako unabaki na tarehe yake. Usiache mashine bila karatasi ya kupokelewa inayosema imekuja na nini na iko katika hali gani. Na wakikupa nyingine, waandike kama waranti inaanza upya au inaendelea na siku zilizobaki. Mimi hilo nilisahau, nikaja kujua wameendelea na hesabu ya zamani.

Haya, dada yangu.

La kiwanda kwanza. Pesa ulimpa nani? Kiwanda kinaweza kuwa na waranti yake na ni vizuri uwaandikie pia, ila hiyo haimwondoi muuzaji kwenye mlango wake. Aliyekuuzia ndiye aliyekuahidi kwamba kitu kinafanya kazi.

La betri kuwa na waranti yake, hilo huenda ni kweli. Mara nyingi muda wake huwa mfupi kuliko wa mashine. Lakini mfupi kiasi gani? Miezi minne ni michache sana. Fungua kadi, tafuta mstari wa betri, uupigie picha.

La kukaa bila chaji, hapa uwe makini, kwa sababu jambo lenyewe lipo. Betri za lithiamu zikiachwa tupu kwa muda mrefu, umeme wake hushuka chini ya kiwango na chaja hukataa kuzipokea. Lakini wewe unasema uliitumia kila wiki. Iliwezaje kukaa tupu miezi? Waulize waliipima kwa nini, ilisoma volti ngapi, na nani alipima. Kabla hujarudi kwao, fanya mambo mawili nyumbani. Angalia kwenye kijitabu kumweka kule kwa taa kuna maana gani, kwa sababu chaja nyingi hutofautisha betri iliyopata joto na betri mbovu. Na kama kuna mtu unayemfahamu ana betri ya aina hiyohiyo, ijaribu kwenye chaja yako. Ikiingiza chaji, chaja yako nzima. Isipoingiza, huenda walikuwa wanailaumu betri bure.

Chukua video ya taa ikimweka, sekunde ishirini zinatosha, namba ya betri ionekane. Halafu nenda ukaombe sababu yao kwa maandishi. Wakikuandikia, nitumie picha kabla hujawajibu.