Nampenda, Naye Ananituma Nimwandikie Mwingine

Msomaji wetu wa Lamu, ambaye jina lake tumelihifadhi, ameleta barua ndefu ambayo kwa ufupi inasema hivi. Ana umri wa miaka 27 na hutunza hesabu za mashua zinazowatembeza wageni kutoka Shela. Kwa muda mrefu amempenda nahodha wa mojawapo ya mashua hizo, kijana mwenye adabu ambaye hajaoa, wala hajapata kumwambia. Miezi michache iliyopita nahodha huyo, akijua kwamba mwenzake ni hodari wa mashairi, alimwomba amtungie maneno ya kumpelekea binti mmoja wa Malindi anayetaka kumposa. Dada yetu alikubali. Tangu hapo yeye huketi usiku akitunga beti za mahaba, na nahodha huzituma kwa simu kama kwamba ni zake. Wazee wanatarajiwa kwenda Malindi na posa ufikapo mwezi wa Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija. Dada huyu anaeleza kuwa chuoni walisoma Twelfth Night, tamthilia ya Shakespeare, na kwamba Viola alifikwa na jambo hili hili, akanyamaza, akauachia wakati ulifungue fundo, na mwishowe akaolewa na Orsino wake. Anauliza: "Shangazi, nami nikinyamaza kama Viola, je, sitapata?"

Mwanangu,

Hapana, usinyamaze. Lakini kabla hujasema neno, weka kalamu chini, kwa sababu katika jambo lako kuna mtu wa tatu ambaye barua yako imemtaja mara mbili tu, tena kwa haraka, naye ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wewe.

Nitaanza na Viola, kwa kuwa wewe ndiye uliyemleta, na kwa kuwa naona umemkumbuka nusu. Ni kweli kwamba baada ya chombo chake kuvunjika karibu na pwani ya Illyria, akiamini kuwa Sebastian, ndugu yake pacha, amezama, alivaa nguo za kiume, akajiita Cesario, akaingia katika utumishi wa mtawala Orsino. Ni kweli pia kwamba alimpenda bwana wake mara moja, na kwamba siku ile ile aliyotumwa kwenda kumbembeleza Olivia, bibi ambaye Orsino alitaka kumwoa, kwa niaba yake alijisemea kando kuwa, hata akimposea mwingine, yeye mwenyewe ndiye ambaye angependa kuwa mke. Najua maneno hayo yalikuchoma. Lakini hebu tazama yaliyofuata mlangoni kwa Olivia.

Olivia alikwisha kuyasikia maombi ya Orsino mara nyingi na kuyachoka. Siku ile Cesario alipomwambia kwamba, lau angempenda kama bwana wake anavyompenda, asingekubali kukataliwa, Olivia alimuuliza angefanya nini basi. Viola akajibu kwamba angejenga kibanda cha matawi mbele ya lango lake, atunge nyimbo za mapenzi yaliyokataliwa na kuziimba kwa sauti katikati ya usiku, na aliite jina la Olivia mpaka vilima viitike. Hayakuwa maneno ya Orsino hayo. Yalikuwa ya Viola, yaliyotoka katika kidonda chake, na kwa sababu yalikuwa ya kweli yalipenya. Unakumbuka jibu la Olivia? Alisema kwamba kijana huyu anaweza kufanya mengi, na papo hapo akauliza ukoo wake ni upi. Sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa maana ya mwanamke kuuliza "Ni wa kwa nani?" Olivia alikwisha kunaswa, tena na mtu ambaye hakuwapo.

Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe. Umeninukulia, kwa fahari na kwa uchungu pamoja, ujumbe wa yule binti wa Malindi aliposema kwamba hajapata kumjua mwanamume anayeujua moyo wake namna hii. Mwanangu, binti huyo anasema kweli bila kujua anasema na nani. Hajampenda nahodha, amezipenda beti zako, vina vyako, na lile jicho lako la kuona huzuni ya mtu na kuipa jina. Anashonewa nguo kwa kipimo cha mtu mwingine, naye ataijua siku ya kuivaa, wakati mahari yamekwisha kupokewa na ukoo mzima umekwisha kula pilau. Atakapomngoja mume wake aseme usiku mmoja kama alivyokuwa akisema katika simu, na mume akae kimya kwa kuwa si msemaji, atajiuliza amekosa nini. Hakuna alichokosa. Wewe na nahodha mmemkosea kwa pamoja, na haikusaidii kusema kwamba ulifanya kwa mapenzi.

Najua utasema kwamba watu wa Lamu wamekuwa wakitungiana mashairi tangu zamani, na kwamba si aibu kwa asiyejua kutunga kumwendea anayejua. Ni kweli, wala siidharau mila hiyo hata kidogo. Shairi la harusi hutungwa na mshairi, hughaniwa mbele ya watu, na kila aliyehudhuria anajua nani katunga na nani katungiwa. Ulilofanya wewe ni tofauti, kwa kuwa siri ndiyo kazi yenyewe: binti asipoamini kwamba maneno ni ya nahodha, hayana thamani kwake.

Jambo la pili ambalo umelisahau katika tamthilia hiyo ni mazungumzo ya Viola na Orsino katika tendo la pili, nami nakuomba uyasome tena usiku huu. Orsino anajigamba kwamba hakuna moyo wa mwanamke unaoweza kubeba mapenzi makubwa kama yake. Viola anamjibu kwa hadithi ya binti wa baba yake aliyempenda mwanamume na asiseme kamwe, akaiacha siri imle kama funza alivyo ndani ya tumba la ua. Orsino anauliza kama dada huyo alikufa kwa mapenzi yake. Viola anajibu kwa fumbo kwamba yeye ndiye mabinti wote wa nyumba ya baba yake, na ndugu wa kiume wote pia. Ni mwanamke anayejieleza kwa karibu kabisa na kweli, amesimama mbele ya mwanamume anayempenda, akitumaini labda kwamba atasikia. Kisha anauliza kama aende kwa yule bibi, na Orsino anamwambia ndiyo, aende upesi, tena ampelekee kito hiki.

Hapo ndipo ulipo wewe. Mafumbo uliyomtupia nahodha, kama ulivyonieleza, ni mazuri kuliko hata ya Viola, naye kila mara amekujibu kwa kukuomba ubeti mwingine. Simwiti mbaya kwa hilo. Mtu ambaye moyo wake umeelekea Malindi hawezi kusikia fumbo linalotoka mtaa wa Langoni hapo Lamu. Kwa hiyo usimpelekee fumbo jingine, wala usivae leso yenye jina la kumsema ukapita mbele yake pale Mkunguni. Ataiona kuwa leso nzuri, basi.

Umeniorodheshea pia dalili: kwamba yeye hukuwekea nafasi karibu na usukani, kwamba alikuletea halwa kutoka Mombasa, kwamba alikuita "mwandani wangu" katika ujumbe wa saa sita za usiku. Nataka nikukumbushe Malvolio, msimamizi wa nyumba ya Olivia, aliyeokota bustanini barua iliyoghushiwa na wenzake ili wamcheke. Ndani yake mlikuwa na herufi nne, M, O, A na I, ambazo zote zimo katika jina lake ingawa si kwa mpangilio huo. Malvolio alizitazama, akaona hazikai sawa, akasema zikibanwa kidogo zitamwelekea yeye. Akavaa soksi za manjano na kuzifunga kwa kamba za mkingamo, akaenda kwa bibi yake akitabasamu, na mwisho wake akafungiwa katika chumba cha giza kama mwendawazimu. Mwanafunzi wa sheria aitwaye John Manningham, aliyeutazama mchezo huo London tarehe 2 Februari 1602, aliisifu hila hiyo katika shajara yake, na watazamaji wamemcheka Malvolio tangu siku hizo mpaka leo. Mimi siwezi kumcheka, kwa sababu kosa lake ni la kila mtu anayependa bila kuambiwa kitu. Halwa ni halwa. Kiti karibu na usukani ni kiti cha mtu mnayefanya kazi pamoja. Huenda pana zaidi ya hayo, na huenda hapana, lakini ukiendelea kuzibana herufi hutajua kamwe.

Tuje sasa kwenye fundo ambalo Viola aliuachia wakati. Alipoona Olivia amempenda yeye, na yeye anampenda Orsino, na Orsino anampenda Olivia, alisema kwamba wakati ndio utakaolifungua, kwa kuwa yeye hawezi. Na kweli lilifunguka, lakini lilifunguliwa na nini? Lilifunguliwa na Sebastian, aliyetoka baharini akiwa hai, mwenye sura ile ile, ambaye Olivia aliweza kufunga naye ndoa akidhani ni Cesario. Isingekuwa pacha huyo, Viola angebaki na nguo za kiume na kimya chake, na kabla ya pacha kutambulikana Orsino alikwisha kutishia kumuua kwa wivu. Tena si wote waliopata. Antonio, nahodha aliyemwokoa Sebastian na kumfuata mjini kwa mapenzi makubwa huku akijua kuwa ana maadui humo, hana aliyemshika mkono mwishoni. Shakespeare aliwapatanisha aliotaka kuwapatanisha. Wewe huna pacha wa kumpeleka Malindi, na Mfunguo Tatu hautasogezwa mbele kwa ajili yako.

Lililo mbele yako, basi, ni kusema, na lina njia yake ya heshima. Kwanza mwambie nahodha, mchana, mkiwa kazini, kwamba hutamwandikia tena, na kwamba unamsihi amweleze binti yule, kabla ya wazee kusafiri, kwamba maneno hayakuwa yake. Hilo ni deni lenu nyote wawili kwa binti, nalo lilipwe hata kama wewe hutapata chochote. Usichanganye siku hiyo na habari za moyo wako, asije akadhani umeacha kuandika ili kumharibia.

Kisha mwendee somo wako, yule mwanamke mtu mzima aliyekufunda. Umeandika kwamba unaona haya mwanamke kuanza, na kwamba mama yako atasema umejitembeza. Bi Khadija, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa mwanamke mfanyabiashara aliyeuona uaminifu wa kijana aliyempelekea bidhaa zake Sham, na sote tumefundishwa kwamba alimtuma Bi Nafisa kumpeleleza kama angependa kuoa. Hakumwandikia mafumbo, wala hakumngoja asome uso wake. Alimtuma mtu mzima mwenye busara, aliyeuliza kwa adabu na kuleta jibu. Mama yako hawezi kuliita jambo hilo kujitembeza. Somo wako na amwendee shangazi au dada mkubwa wa nahodha, amuulize kama kijana amekwisha kuamua moja kwa moja, na kama pana nafasi ya kumtajia mwingine. Neno likikataliwa, litakuwa limekataliwa baina ya wanawake wawili wenye siri, nawe utaendelea kupita njiani bila kuinamisha uso.

Ninasema haya kwa sababu posa bado haijapelekwa. Lau ingekuwa imekwisha kupokewa Malindi, ningekushauri ufunge kinywa chako na utafute kazi mahali pengine, kwa kuwa haki ya binti yule ingekuwa imetangulia. Siku zilizobaki ni chache, na kila ubeti unaoandika unazipunguza.

Akikubali, usiharakie. Nilipousoma mwisho wa tamthilia ile nilimwonea Viola huruma badala ya kumfurahia, maana Orsino alimgeukia katika dakika ile ile aliyompoteza Olivia, akamwomba mkono kabla hata hajamwona katika nguo zake za kike. Miezi mitatu alimtumikia na hakumwona. Wewe unastahili mtu aliyekaa, akafikiri, akakuchagua, si mtu aliyehamia kwako kwa sababu mlango wa Malindi umefungwa. Mwambie somo wako adai muda, hata kama familia yake itataka mambo yaishe mara moja.

Akikataa, utaumia, na sitakudanganya kwamba utaumia kidogo. Omba mwenye mashua akuhamishie hesabu za chombo kingine kwa msimu mmoja, wala usieleze zaidi ya kwamba umechoka. Na zile beti ulizomtungia, ambazo umeniambia bado zimo katika daftari lako, usizichome. Zitoe jina la binti, uzirekebishe, uzighani mbele ya watu kwa jina lako, kwa kuwa hizo mbili ulizoniandikia ni nzuri sana, na ni aibu kubwa kwamba mpaka leo zinasomwa kama kazi ya mtu asiyejua kuhesabu mizani.

Niandikie tena baada ya somo wako kurudi na jibu.