Kufunga siku tatu hakufungi kidonda

SWALI: Daktari, baba yangu ana kisukari na kidonda cha mguu kisichopona. Mwuzaji mmoja hapa Arua ametupatia unga wa "seli shina", zile seli zinazozaa seli nyingine mwilini, na kumwagiza mzee afunge siku tatu kwa maji matupu, ili seli zijile uchafu wao na nyama mpya iote. Je, ni kweli?

JIBU: Mzee asifunge. Akiwa anatumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, sukari yake inaweza kushuka hadi apoteze fahamu usiku wenzake wakidhani amelala.

Elimu aliyoiiba mwuzaji huyo ipo. Seli huvizungushia utando vipande vyake vilivyochakaa na kuvipeleka kwenye lisosomu, kifuko cha kumeng'enyea kilicho ndani ya seli, ambako huvunjwa na kutumiwa upya. Utafiti wa mfumo huo katika hamira ulimpatia Yoshinori Ohsumi wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Seli shina huutegemea sana, kwa kuwa nyingi hukaa muda mrefu bila kugawanyika, na mabovu yanayorundikana ndani yake hayana pa kupungukia. Katika panya wazee, seli shina za misuli ambazo mfumo huo umedhoofika huchakaa na kushindwa kukarabati msuli. Ukirudishwa, uwezo nao hurudi.

Linalonichosha ni hilo neno "uchafu". Watu hudhani mwili unaharishwa kwa ndani, na kwamba kadiri unavyozidishwa ndivyo mgonjwa anavyopona. Urejelezaji huu huendelea hata mtu akiwa ameshiba, na hata seli za saratani huutumia kujihifadhi. Tena kidonda kinachopona ni mahali pa ujenzi: seli hugawanyika na kudai protini, ilhali njaa huwaamuru mafundi wasimamishe kazi. Mzee anahitaji maharage, mayai, sukari iliyodhibitiwa, kidonda kisafishwe na kupimwa kama kina usaha au damu haifiki, na asiukanyagie mguu huo. Apelekwe kliniki wiki hii.

Na huo unga? Seli shina hai haziishi zikikaushwa katika kifuko, na zikimezwa humeng'enywa kama nyama yoyote. Katika upandikizaji wa uboho, ambako hutumika kweli, huingizwa kwenye mshipa baada ya vipimo vya kulinganisha mtoaji na mpokeaji. Unga wa namna hiyohiyo nimeuona ukinadiwa kwa wazazi wa watoto wenye ugonjwa wa damu wa selimundu, na baadhi yao, wakiisha kuununua, huacha kuwapa watoto dawa yao ya haidroksiyurea.